Miguu ya Kuazima

1

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi miguu ya Mwalimu Dionisi Kunambi ililegea, na mkewe Ludovina akajua kwamba yule mwanamke amemaliza kunywa chai.

Hakuhitaji kuambiwa. Miezi minane sasa ilikuwa hivyo hivyo. Kwanza vidole vya mguu wa kushoto viliacha kujikunja, halafu mapaja, yaliyokuwa yamebanana tangu alfajiri, yakaachana polepole bila mtu kuyagusa. Mwalimu akashusha pumzi ndefu, akatabasamu huku amefumba macho.

"Leo kaamka vizuri," alisema.

"Nani?" Ludovina aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Pacha."

"Na mimi je? Mimi nimeamkaje?"

Mwalimu alifumbua jicho moja. "Wewe Mama Koleta huwa hulali, utaamkaje?"

Ulikuwa utani, na siku nyingine wangecheka wote wawili. Ludovina alimimina uji kwa nguvu hadi nusu ukaishia kwenye sinia. Roho ilimuuma, na hakuona sababu ya kujidanganya kuwa haimuumi. Mume wake alikuwa akilegea kwa chai ya mwanamke mwingine.

Miaka sita nyuma, Mwalimu alianguka kutoka darini mwa kanisa lao la Bigwa alipokuwa akifunga spika za kwaya. Uti wa mgongo haukukatika, ulichubuka tu. Neva za miguu zilibaki hai, lakini zikakosa wa kuzituliza, zikawa zinaamrisha misuli ijikaze mchana kutwa bila sababu. Mlango ukigongwa, miguu inaruka. Shuka likimgusa, miguu inakakamaa kama mti, na maumivu yake humtoa machozi mwanamume mzima mbele ya binti yake.

Walianza na vidonge vya baklofeni. Ni dawa nzuri, inayokwenda mgongoni na kuzinyamazisha hizo neva. Shida ni njia inayopita: kidonge kinamezwa, dawa inatawanyika kwenye damu, na ile inayopanda kichwani hukuta kazi nyingine ya kufanya. Miguu ililegea nusu, mwenyewe akalala kutwa, mate yakimtoka, akasahau hata maneno ya nyimbo alizozitunga yeye. Wakamwongezea tizanidini, kinywa kikakauka, presha ikashuka, kila akikalishwa anazimia. Diazepamu ndiyo kabisa. Ludovina aliitupa chooni siku mumewe alipomwita kwa jina la marehemu shangazi yake.

Kisha kikaja kifuko. Kilikuwa kidude cha chuma, hakizidi kopo la kiwi ya viatu, kilichopachikwa chini ya ngozi ya tumbo, na mrija mwembamba ukipeleka dawa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Dozi ilishuka mara mia kadhaa na usingizi ukaisha. Lakini kifuko kilitoa dawa kwa mwendo mmoja tu, na hapo ndipo wengi hawaelewi: mkazo ule ule unaomtesa mgonjwa ndio pia unaomsaidia asimame. Ukiuondoa wote, mtu anabaki na miguu laini isiyobeba kitu. Mtu akisimama, mwili wake hufanya hesabu ndogondogo elfu kwa dakika, kaza hapa, achia pale, na hakuna kompyuta iliyoweza kuziiga.

Basi wakatafuta binadamu. Mtu mzima mwenye afya na misuli mitulivu kuliko ya wengine anavishwa mkanda pajani, na huyo ndiye anayeitwa pacha. Mkanda unasoma miguu yake, kifuko kinafuata, na dawa ya kizazi kipya inashika na kuachia kwa sekunde chache. Pacha akikaa, dawa inaongezeka na mgonjwa analegea. Pacha akisimama, dawa inapungua kwa kipimo, na mgonjwa naye anainuka. Kila siku saa kumi jioni, mahali pasipojulikana, mwanamke fulani alisimama saa nzima, na Mwalimu Dionisi akasimama mbele ya kwaya yake akiwa na fimbo moja tu. Jumapili hii walikuwa wanakwenda Dodoma kwenye mashindano. Hakuwa amesimama mbele ya watu wa mji mwingine tangu aanguke.

Ludovina alikuwa wa kwanza kujitolea kuwa pacha. Walimlaza, wakampima, fundi akatikisa kichwa. "Mama, shingo yako inakaza hata ukisinzia." Miaka sita alikuwa akimgeuza mtu wa kilo themanini kitandani, halafu wanataka shingo laini! Alivaa nguo zake, akaondoka bila kuaga.

2

Familia haziambiwi pacha ni nani, ingawa mkataba unampa mwenzi wa ndoa haki ya kumkagua akimjua. Lakini barua ya kuhuisha mkataba ilipokuja wiki ile, karani alisahau kufunika mstari wa chini: Mwasiti Hamisi Bura, miaka thelathini na minne, Nyumba ya Utulivu, Kihonda. Ludovina aliusoma mstari huo mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma sala yoyote. Jumanne, Koleta alipokuja kukaa na baba yake, Ludovina alijifunga kitenge kizuri, akasema anakwenda sokoni.

Alikuwa anakwenda kugombana. Njia nzima alipanga maneno.

Nje ya geti la Nyumba ya Utulivu, ambako mapacha hutunzwa mbali na habari za kushtua, alisimama mwanamume wa makamo mwenye koti jeusi na begi dogo, macho mekundu. Alipomwona Ludovina akitoa kitambulisho, alimsogelea.

"Shikamoo mama. Wewe wanakuruhusu kuingia?"

"Marahaba. Mimi ni mwenzi wa mgonjwa. Nina haki ya kumkagua pacha."

"Pacha yupi, mama?"

Alimtajia. Yule mwanamume akashika nondo za geti kwa mikono miwili.

"Mwasiti ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi naitwa Jumbe, nimetoka Kondoa. Jana nilikuja kuwaambia mama yu hoi, anamwita binti yake. Wakasema watamfikishia kwa utaratibu. Leo alfajiri nimepigiwa simu." Alifuta uso kwa kiganja. "Mama katutoka. Tunazika kesho baada ya adhuhuri. Wazee wamekubali kumngoja mpaka hapo, si zaidi. Hawa wanasema wana siku saba za kumwandaa. Siku saba, mama! Akipanda treni ya saa tisa leo, anawahi."

"Maskini. Poleni sana," Ludovina alisema, na kweli alimwonea huruma.

Lakini chini ya huruma hiyo, Mungu amsamehe, moyo wake uliruka kwa furaha. Yule mwanamke ana msiba. Atalia, ataondoka. Hatasimama tena saa kumi, na mume wangu atakuwa wangu.

Kisha akaiona Jumapili, na Mwalimu kwenye kiti cha magurudumu nyuma ya kwaya, mtu mwingine akiimbisha nyimbo zake. Furaha ikazima.

"Mama yangu," Jumbe alisema, "wewe utamwona. Mwambie."

3

"Sauti chini," mhudumu alimwonya mlangoni. "Akishtuka yeye, anashtuka mgonjwa wako. Dawa inakatika papo hapo."

Ludovina alitegemea mrembo. Alikuwa amemtengeneza kichwani miezi minane, mrefu, shingo ndefu, kucha nyekundu. Aliyemkuta ni mwanamke mfupi mwenye pengo, ameketi mkekani akimenya karanga, nywele amezifunga mabutu. Pajani, juu ya dera, mkanda wake uliwaka taa ndogo ya kijani.

"Karibu. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ni mke wa hiyo miguu."

Mwasiti alielewa mara moja. Aliweka karanga chini taratibu, akasogea kumpisha mkekani.

"Nimekuja kugombana nawe," Ludovina alisema, kwa sauti ile ya kubembelezea mtoto mchanga.

"Karibu ugombane, mama. Polepole tu, asiumie."

Wakakaa. Sijui kama kuna wanawake wengine waliowahi kuteta namna ile, bila kupandisha sauti na bila kukunja uso, wakiangalia taa ya kijani kama wanaochunga maziwa jikoni.

"Mume wangu anaamka akikutaja wewe."

"Pole, mama."

"Usinipe pole. Akicheka peke yake chumbani, najua wewe ndiye uliyecheka."

"Hapo umekosea. Mimi sipeleki kicheko. Napeleka miguu tu."

"Tu!" Ludovina alisema kwa upole wa kujilazimisha. "Unasema tu! Unamjua?"

"Hata sura sijaonyeshwa. Najua saa kumi nisimame, nisimame saa nzima nisiegemee. Nikitaka kukohoa, nakohoa kidogo kidogo. Wiki ya kwanza nilipiga chafya nikiwa nimesimama, wakaja kuniambia mtu kaanguka." Aliinamisha macho. "Tangu siku hiyo vumbi likinipanda puani, nabana."

Ludovina aliukumbuka mwanguko huo. Aliusafisha yeye mwenyewe mchubuko, akamgombeza Mwalimu kwa kutoshika fimbo vizuri.

"Naomba kukuuliza, mama," Mwasiti alisema. "Hiyo saa kumi, huwa anafanya nini?"

Angeweza kumnyima. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho mwenzake hakuwa nacho. Lakini alikuwa amechoka kulibeba jambo hili peke yake, na mdomo ukamponyoka.

"Anaimbisha kwaya."

Uso wa Mwasiti ulichanua wote, pengo na yote. "Kwaya! Kumbe miezi yote hii mimi nasimamia kwaya! Wangapi?"

"Thelathini na wawili."

"Na wanaimba vizuri?"

"Wanakwenda mashindanoni Jumapili."

"Jumapili nitasimama masaa mawili," Mwasiti alisema. "Wakitaka matatu, matatu."

Ludovina alitamani kumzaba kofi. Wivu ulimkaba mpaka akasikia ladha yake mdomoni. Laiti mtu huyu angekuwa na majivuno, au angekuwa na haya! Angejua pa kumshika. Alikuwa na furaha tu, furaha safi ya mtu aliyefanya kazi gizani na leo kaonyeshwa faida yake.

"Mama yangu nikimwambia, atacheka," Mwasiti aliendelea. "Anasema mimi nikiimba hata mbuzi wanahama."

Ludovina aliokota ganda la karanga. "Umeongea naye lini?"

"Kila Ijumaa hapa wananisomea salamu zake. Ijumaa iliyopita wamesema mtandao ulikuwa mbovu."

Taa iliendelea kuwaka kijani. Ludovina aliomba ruhusa, akatoka hadi ukumbini.

4

Aliegemea ukuta. Angeweza kwenda zake nyumbani, na Jumapili kwaya ingeimba, na hakuna ambaye angemlaumu, maana kazi ya kupeleka msiba haikuwa yake. Angeweza pia kurudi ndani na kulitamka neno, na hapo asingeweza kuapa kwamba ni huruma iliyomtuma. Hilo ndilo lililomtesa. Jambo la haki na jambo lililokuwa likitakwa na kijicho chake lilikuwa jambo lile lile.

Tena si kulitamka tu. Mwasiti akitetemeka kwa kilio, kifuko kitadhani anakaza misuli na kitakata dawa. Baklofeni haikatwi ghafla. Inapunguzwa kwa siku nyingi. Ikikatwa kwa mkupuo, mkazo wote unarudi na riba. Mtu anapata homa, anawashwa mwili mzima, anaona watu wasiokuwepo, na wengine hawafiki hospitali. Lazima kwanza kifuko kifungwe: dozi moja, mchana na usiku, kisimfuate mtu. Mwenye ufunguo wa kufunga alikuwa mwenzi wa ndoa peke yake. Na kikishafungwa hakifunguliwi mpaka apatikane pacha mpya, miezi sita ikienda haraka.

Akampigia simu mumewe.

"Mwalimu, niko kwa pacha wako. Usiniulize nimefikaje. Kafiwa na mama yake, hajui, wanamficha. Nikimwambia lazima nikufunge kwanza. Ukifungwa hutasimama. Na Jumapili..."

"Jumapili naijua."

Alingoja. Alitaka mumewe asite. Alitaka amwombe, abishane, aseme mambo ya watu wengine yanatuhusu nini sisi. Hapo Ludovina angepata nafasi ya kumshawishi na kuwa mwema kuliko yeye.

"Funga," Mwalimu alisema. "Funga sasa hivi, Mama Koleta. Na umpe pole zangu Mwasiti."

Ludovina hakuwa amelitaja jina.

"Umelijuaje jina lake?"

"Si wakati wake huu."

"Baba Koleta, umelijuaje?"

"Nilimuuliza karani. Mtu ananisimamisha kila siku, nisijue hata anaitwa nani?"

Lilikuwa jibu la mtu muungwana, na lilimkata pabaya zaidi ya uongo wowote. Mwaka juzi, kabla ya pacha, alipokuwa na malaria ya kutapika, alimwomba Mwalimu akose mazoezi ya kwaya siku moja tu. Mwalimu alisukumwa kwenye kiti akaenda. Leo alikuwa ameiacha Dodoma yote kwa neno moja, kwa ajili ya mtu ambaye hajamwona.

Ludovina alikata simu. Akafungua programu ya kifuko, akaweka kidole gumba.

"Dozi ya kudumu, mikrogramu mia nne kwa siku," sauti ya mashine ilisema. "Miguu itabaki laini. Mgonjwa hatakuwa hatarini. Taja sababu. Maumivu. Ugonjwa mwingine. Msiba wa pacha. Wivu wa mwenzi."

Alizijua zote nne, zilikuwa kwenye mkataba. Ukisema maumivu au ugonjwa, nesi anatumwa kuhakikisha kwanza. Ukisema msiba, Nyumba inapata siku zake saba za kumwandaa pacha, milango imefungwa. Wivu ndio pekee uliopita bila maswali na kumwachia pacha siku hiyo hiyo, kwa sababu mwanzoni ndoa nyingi zilivunjika, na waliotunga kanuni waliona bora mke au mume afunge kuliko amwage maji ya moto. Ila sababu hiyo hupelekwa kwa ndugu wote waliotia saini. Wifi zake watatu walitia saini. Kabla ya jioni Bigwa nzima ingejua kwamba Ludovina kamnyang'anya mumewe miguu kwa wivu, siku tano kabla ya mashindano. Na kwaya ingejua.

"Wivu," alisema.

"Rudia kwa sauti inayosikika."

"Wivu. Nina wivu."

Mhudumu aliyekuwa akipita aligeuka kumtazama. Ludovina alisikia uso ukimwaka. Alikuwa amesema uongo ili mlango ufunguke, na uongo wenyewe ulikuwa kweli tupu.

Aliporudi chumbani, taa ya mkanda ilikuwa imezimika. Mwasiti alikuwa bado hajaiona.

Msiba hauambiwi mtu hivi hivi. Kwa Waluguru, watu wa Ludovina, ni hivyo, na kwa Warangi wa Kondoa pia. Ludovina aliliondoa sinia la karanga. Alikaa karibu, bega kwa bega. Alimuuliza kama amekula. Akamwambia kaka yake Jumbe yuko getini, amekuja kutoka Kondoa. Akamwambia hali ya mama si nzuri sana, amezidiwa kidogo. Akamshika mkono akaubakiza mkononi mwake. Mwanamke yeyote wa huko nje angekuwa ameshaelewa kuanzia sinia lilipoondolewa, na angekuwa chini anagaagaa.

Mwasiti, aliyeanza na wagonjwa wengine kabla ya Mwalimu, alikuwa na miaka mitatu ndani ya nyumba isiyoingiza habari mbaya. Alikuwa amezisahau dalili zake.

"Basi nitamwombea," alisema akitabasamu. "Kumbe kaka kaja! Mwambie anisubiri niombe ruhusa, nimpe hizi karanga ampelekee."

Ikabidi Ludovina aseme neno lenyewe, wazi, kama asivyotakiwa kulisema mtu yeyote.

"Mwasiti, mdogo wangu. Mama kafariki. Alfajiri ya leo. Wanazika kesho, wanakungoja wewe."

Mwasiti hakulia. Alivuta pumzi kwa hesabu ya nne, akaitoa polepole kwa hesabu ya nane. Akashusha mabega. Akanyoosha miguu mkekani, akaituliza, akavuta pumzi nyingine. Kwa kitambo Ludovina alimchukia kwa moyo wote, akafikiri, huyu wamemkausha, huyu hana mama wala utu. Kisha akaona kucha za mkono wa pili zilivyozama kwenye kiganja mpaka damu ikatoka, na mishipa ya shingo, na macho yaliyokuwa yametumbuliwa yasipepese ili yasimwage kitu.

"Mwalimu wa kwaya," Mwasiti alinong'ona kwa shida. "Ataumia."

Ludovina, katika miaka sita yote, aliwahi kumlilia mume wake, kumfokea na kumnunia. Kumzuilia machozi, hakuwahi hata siku moja.

"Haumii," alisema. "Nimeshamfunga. Anakupa pole."

"Na Jumapili?"

"Lia, Mwasiti."

Alimvuta kifuani, na Mwasiti akalia kwa sauti iliyowatoa wahudumu mbio vyumbani, mwili mzima ukimtetemeka, mapaja na magoti na nyayo. Kule Bigwa, kitandani, miguu ya Mwalimu Dionisi haikutikisika.